Hesabu ya Wengi, Jumla Moja

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Msemo huo tumezoea kuutumia tunapohimizana kulima, kujenga shule au kuchimba mtaro. Leo hatuna budi kuutazama mahali pengine, yaani ndani ya kompyuta zinazohesabu watu na mali ya Taifa. Humo nako kazi hugawanywa, na mgawanyo mbaya huzaa hasara.

Tuchukue mfano wa Galula, katika Mkoa wa Songwe. Katika Sensa ya Watu na Makazi iliyoanza tarehe 23 Agosti, 2022, makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Majibu ya mkulima wa Galula, sawa na ya mvuvi wa Kojani kule Pemba, yalikuwa na safari moja mbele yake: kupokewa, kukaguliwa, kupangwa na kujumlishwa.

Kompyuta ikizifanya hatua hizo kwa mkondo mmoja, kata ya pili husubiri hadi ya kwanza imalizike. Lakini kompyuta za siku hizi zina viini kadhaa vya kufanyia kazi, na programu moja yaweza kugawanywa katika nyuzi nyingi zinazokwenda sambamba. Uzi mmoja hukagua taarifa za Galula wakati mwingine unakagua za Kojani, na wa tatu unajumlisha kata iliyokwisha kukaguliwa. Sharti ni kwamba kila kata ifuate utaratibu wake: mtoto wa miaka 5 aliyeandikwa kimakosa kuwa mjane hana budi kugunduliwa kabla ya jumla kupigwa.

Hatari iko wapi? Nyuzi zote hutumia kumbukumbu moja. Tuseme jumla iliyoandikwa ni 500. Uzi wa kwanza unaisoma ili uongeze jamaa ya watu 4 wa Galula; papo hapo uzi wa pili nao unaisoma ile ile 500 ili uongeze watu 6. Wa kwanza unaandika 504, wa pili unafuta na kuandika 506. Jumla ya haki ni 510. Jamaa nzima ya Galula imepotea, na hakuna aliyeiba wala kengele iliyolia. Tena ukirudia kazi hiyo, huenda kosa likajificha au likaangukia watu wengine. Hatusemi kwamba jambo hilo lilitokea katika sensa yetu. Twaonyesha jinsi linavyoweza kutokea penye uzembe.

Dawa zipo. Ya kwanza ni kufuli: uzi unaogusa jumla huifunga hadi umalize, na wengine husubiri. Lakini kufuli zikizidi, nyuzi hukaa foleni na faida ya wingi hutoweka. Iliyo bora ni kila uzi kutunza hesabu yake pembeni, kisha zikutanishwe mwishoni. Sensa ya 2022 yenyewe yatupa picha ya namna hiyo: Tanzania Bara watu 59,851,347, Zanzibar watu 1,889,773, jumla 61,741,120. Kila upande una hesabu yake kamili, na Muungano una jumla isiyommeza mtu.

Wala tusidanganyike kwamba nyuzi zikiwa elfu kazi itakwisha mara elfu upesi. Mwaka 1967, mwaka ule ule Tanzania ilipofanya sensa yake ya kwanza baada ya Muungano, mhandisi wa Marekani Gene Amdahl alionya juu ya sehemu ya kazi isiyogawanyika. Kazi ya saa 10 yenye saa 1 isiyogawanyika haitapungua chini ya saa hiyo moja, hata ukiongeza mashine namna gani.

Kwa hiyo basi, ndugu watendaji wa Serikali, anapokuja mtaalamu kuusifu mtambo wake kwa kasi, msiulize dakika tu. Mwambieni apige hesabu ile ile kwa uzi mmoja, kisha kwa nyuzi nyingi, tena na tena. Jumla zikitofautiana hata kwa mtu mmoja, arudi nazo. Madarasa, dawa na visima hugawiwa kwa hesabu hizo. Mwananchi wa Galula au wa Kojani aliyepotea katika jumla hatajua kamwe kwa nini fungu lake halikufika.