Siupendi na sijaupenda

Jumamosi moja jioni, umeme ukiwa ndiyo kwanza umerudi baada ya kukatika tangu adhuhuri, niliweka "Close to the Edge" ya Yes kwenye spika za sebuleni. Mpwa wangu wa miaka 19, anayekaa kwangu akisubiri chuo kifunguliwe, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi na simu yake mkononi. Muziki ukaanza kwa sauti za ndege na maji yanayotiririka. Ikapita kama dakika nzima hivyo hivyo, hakuna gitaa wala ngoma. Halafu bendi ikaingia kwa mkupuo, kila mmoja kana kwamba anakimbilia kwao: gitaa likikwaruza huku, besi likinguruma kule, dramu zikikata mahali ambapo sikio halikutarajia. Kijana akaweka simu kifuani. Alisikiliza dakika tatu hivi, kisha akaniuliza kwa adabu zake zote, "Anko, hii ngoma inaisha lini?"

Nikamwambia ukweli kwamba bado dakika 15.

"Basi hii siipendi," akasema, akarudi kwenye simu.

Jibu lile lilinikaa kichwani wiki nzima. Halikuniudhi, maana mtu ana haki ya masikio yake. Kilichonisumbua ni kwamba nilishalisikia mara nyingi, na mara nyingine lilitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Roki ya progresivu, ambayo wapenzi wake huiita progu tu, ilipata sura yake Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Wengi huihesabu kuanzia Oktoba 1969, ilipotoka "In the Court of the Crimson King", albamu ya kwanza ya King Crimson. Miezi mitatu kabla yake bendi hiyo ilikuwa imepiga katika bustani ya Hyde Park, London, mbele ya umati mkubwa uliokwenda kuwaona Rolling Stones. Wanamuziki hawa walikuwa vijana waliolelewa na roki, lakini walisikiliza pia jazi na muziki wa okestra za Ulaya, na walichoka kubanwa ndani ya dakika tatu za wimbo wa redio. Upande mmoja wa santuri ulikuwa na nafasi ya dakika 20 na ushei. Wakaamua kuitumia yote. Mwaka 1972 Yes walijaza upande mzima kwa "Close to the Edge", Genesis wakatoa "Supper's Ready" ya dakika 23 hivi, nao Jethro Tull wakawapita wote: "Thick as a Brick" ni wimbo mmoja uliochukua albamu nzima, ukikatika tu pale msikilizaji aliponyanyuka kugeuza santuri.

Msikilizaji wa Kiswahili hapaswi kuuogopa urefu. Sisi tumelelewa na dansi. Tunajua kwamba wimbo huanza taratibu, mwimbaji akatoa malalamiko yake kwa pozi, waitikiaji wakampokea, kisha magitaa yakabadilika na sebene likaingia, na hakuna aliyewahi kusimama katikati ya ukumbi akauliza linaisha lini. Kule Unguja taarabu ya asili hufunguliwa kwa bashrafu, kipande cha vyombo vitupu kisicho na neno hata moja, na watu hukaa wakatulia. Wala maneno yasiyoeleweka hayajawahi kutuzuia. Kizazi changu kilikariri nyimbo za Kilingala mwanzo hadi mwisho bila kujua hata nusu ya kilichosemwa. Nilipokutana na Magma, bendi ya Kifaransa ambayo mpiga dramu wake Christian Vander alibuni lugha yake mwenyewe, Kikobaia, kwa ajili ya kuimbia, nilijiona niko nyumbani kuliko rafiki zangu wa Kizungu. Wao walitaka tafsiri. Mimi nilishazoea kuimba nisichokielewa.

Hata hivyo progu ina ugumu wake, na si haki kuuficha. Mapigo ndiyo ugumu wa kwanza. Chukua "Money" ya Pink Floyd, ya mwaka 1973. Inaanza kwa milio ya sarafu na mashine ya duka ya kuhesabia fedha, halafu besi linaingia. Hesabu kwa vidole, utakuta mzunguko unaishia kidole cha saba, si cha nne wala cha nane. Mguu uliozoea nne unajikwaa. Inapofika zamu ya gitaa la David Gilmour kupiga peke yake, bendi inarudi kwenye nne na mwili unapumua. Albamu yenye wimbo huo, "The Dark Side of the Moon", ilikaa zaidi ya wiki 700 katika chati ya Billboard ya albamu 200 za Marekani kati ya 1973 na 1988. Mamilioni walitikisa vichwa kwa mapigo saba bila kuyahesabu. Sikio hujifunza lenyewe likipewa muda.

Muda ndio hasa ninaotaka kuuzungumzia. Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo tunayachanganya ovyo. Ukisema wimbo fulani "siupendi", umefunga kesi. Ukisema "sijaupenda", umeeleza hali ya leo, na ile "ja" ndogo katikati imeacha mlango umerudishiwa tu, haukutiwa komeo. Mpwa wangu, baada ya dakika tatu za wimbo wa dakika 18 na zaidi, hakuwa na haki ya neno la kwanza. La pili lilikuwa lake kabisa, na ningelipokea kwa mikono miwili. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, nami naongeza kwamba hata uzuri wake huujui. Dakika ambazo hakuzifikia ndizo nilizotaka azisikie: katikati ya wimbo vishindo vyote vinanyamaza, sauti zinabaki zikielea taratibu, kisha mpiga vinanda wao Rick Wakeman anaingia na kinanda kikubwa cha kanisa, kilichorekodiwa katika kanisa la St Giles, Cripplegate, London. Mara ya kwanza kuisikia sehemu hiyo nilikuwa na hedifoni za kuazima, na nikazivua ili nihakikishe sauti ile haitoki nje.

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alichapisha utafiti ambao hadi leo unatajwa. Aliwaonyesha watu maneno yasiyo na maana, maandishi ya Kichina na picha za nyuso, vingine mara moja au mbili, vingine mara nyingi. Bila kuelezwa lolote zaidi, watu walivipenda zaidi vile walivyoviona mara nyingi. Basi sehemu ya kile tunachokiita ladha yetu ni mazoea tu, wimbo uliokuwa ukipigwa nyumbani tulipokuwa wadogo, redio ya jirani, kanda za kaka mkubwa.

Lakini sikubaliani na wanaoruka kutoka hapo na kusema basi ladha si kitu, rudia tu utapenda. Mwaka 1973 hao hao Yes walitoa "Tales from Topographic Oceans", santuri mbili zenye vipande vinne tu, kila kimoja upande wake, jumla kama dakika 80. Mwimbaji wao Jon Anderson alichota wazo lake katika maelezo ya chini ya ukurasa mmoja wa kitabu cha maisha ya Paramahansa Yogananda, mwalimu wa yoga wa Kihindi. Nimeisikiliza albamu hiyo yote mara sita, kwa miaka tofauti, mara mbili nikiwa nimezima taa. Kipande cha kwanza nakiheshimu, cha nne kina dakika nzuri sana. Katikati napotea, na nikipotea sioni sababu ya kutafuta njia. Wakeman mwenyewe, aliyekuwa akiipiga kila usiku, hakuipenda. Onyesho la Manchester linakumbukwa kwa sababu fundi wake alimletea mchuzi wa kuku na wali jukwaani, naye akala hapo hapo kwenye vinanda vyake huku wenzake wakiendelea. Mwaka 1974 akaondoka kwenye bendi. Hakuna atakayesema Wakeman hakuwa na masikio, au kwamba hakuipa albamu muda wa kutosha. Aliijua kuliko sisi sote na bado ikamshinda. Huku ndiko kutopenda ninakokustahi, kwa sababu kumelipiwa gharama. Na hata hivyo albamu ile iliongoza chati ya Uingereza, na ninao marafiki wawili wanaoiona kilele cha muziki wote wa Yes. Nikiwaambia siipendi, nawaeleza habari zangu. Nikiwaambia ni mbaya, nadai habari zao pia, na hapo ninahitaji hoja ambazo sina.

Mashabiki wa progu wenyewe wana deni katika jambo hili, na nalisema kwa uchungu kwa sababu ni watu wangu. Jina lenyewe linadai kusonga mbele, lakini wengi wetu tungependa muda usimame mwaka 1972. Mpiga gitaa Robert Fripp alipoifufua King Crimson mwaka 1981 na albamu "Discipline", hakukuwa na melotroni tena, ile mashine ya kanda iliyotoa sauti za fidla za okestra katika albamu ya kwanza. Badala yake kulikuwa na magitaa mawili, la Fripp na la Mmarekani Adrian Belew, yakishonana nota kwa nota. Katika "Frame by Frame" yanakwenda pamoja kwa muundo mmoja, halafu moja linadondosha nota moja na kuanza kuteleza mbali na mwenzake, kidogo kidogo, mpaka yanakutana tena. Zipo lawama zinazosema hiyo si progu. Mimi niliposikia magitaa yale nilikumbuka yale ya Kinshasa, solo na ridhimu na lile la katikati yakifumana hadi hujui nota ipi ni ya nani. Sidai kwamba Fripp aliiga Kongo. Nasema sikio langu liliingia kwa mlango ambao wenzangu hawakuwa nao, na sasa "Discipline" naiweka juu ya zote za King Crimson.

Kwa upande mwingine wako waliojenga jina kwa kuichukia progu. John Lydon wa Sex Pistols alionekana London katikati ya miaka ya 1970 amevaa fulana ya Pink Floyd, na juu ya jina la bendi ameandika kwa mkono wake kwamba anawachukia. Fulana ile ikawa bendera ya panki. Ila Julai 1977, Sex Pistols wakiwa gumzo la nchi, Lydon alikwenda Capital Radio ya London na santuri zake mwenyewe, akaketi na mtangazaji Tommy Vance na kupiga alichokipenda. Ilikuwamo rege, walikuwamo Can wa Ujerumani, na alikuwamo Peter Hammill, kiongozi wa Van der Graaf Generator, bendi ya progu iliyo ngumu kumeza kuliko karibu zote. Fulana ilikuwa ya kuvaa hadharani. Nyumbani alikuwa akisikiliza.

Mwaka 1979 msomi wa Kifaransa Pierre Bourdieu alitoa kitabu, "La Distinction", akionyesha jinsi ladha inavyotumika kujitenga: kwa kutaja ninachokipenda, nakueleza mimi ni mtu wa tabaka gani, na hasa nani nisingependa kufananishwa naye. Nilikisoma nikidhani kinawazungumzia Wafaransa, kumbe na mimi nimo. Nimeishi Dar es Salaam muda wote ambao singeli ilikuwa ikikua Manzese na Tandale, ikapanda hadi mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, ikafika majukwaa ya Ulaya, na mimi nikiiita makelele. Sikuwahi kusikiliza wimbo mmoja wa singeli hadi mwisho. Nikijichunguza kwa haki, si kasi iliyonikera, maana sehemu ya katikati ya "21st Century Schizoid Man" ya King Crimson, pale gitaa, saksafoni na dramu vinapokimbia pamoja na kusimama ghafla pamoja, ni ya kasi na naiabudu. Nilikataa mahali singeli ilikotoka, vigodoro na spika za kukodi hadi usiku wa manane, nikasingizia masikio.

Jumamosi iliyofuata nilimwekea mpwa wangu hiyo "Schizoid Man". Ilipofika sehemu ya kukimbia aliinuka akakaa. "Hapa kidogo," akasema. Ilipokwisha akaomba nirudishe pale pale katikati, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kidole kikipiga goti, akikosa na kuanza upya kila bendi iliposimama. Kisha akachomeka simu yake kwenye spika, akaniambia sasa zamu yake, na singeli ikalipuka ndani ya sebule yangu. Nilikaa nayo hadi mwisho. Nilisikia kinanda kidogo kinachozunguka bila kuchoka, na mwimbaji anayepanga maneno juu ya kasi ile bila kudondosha silabi. Nilisikia pia kichwa kikianza kuniuma.

"Vipi, anko?"

"Bado," nikamwambia. "Sijaipenda."

"Na ile ya santuri mbili uliyosema imekushinda, uliisikiliza mara ngapi?"

"Mara sita."

Akanitazama, akaishika simu yake, akairudisha ngoma mwanzo.