Je, Wajua? Dawa ya Maji Inayouzwa Bila Maji

Chupa ya amoksisilini ya watoto, jinsi inavyoshushwa kwenye rafu ya duka la dawa mjini Kakamega, haina hata tone la maji. Ukiitikisa unasikia unga mkavu ukichakarika chini. Kiwandani wangeweza kuijaza na kuifunga, mzazi akaepushwa na udhia wote wa kukoroga. Hawathubutu, kwa sababu maji yanayoifanya inyweke ndiyo hayo hayo yanayoiua.

Amoksisilini ni ya ukoo wa penisilini. Iliundwa na watafiti wa kampuni ya Beecham ya Uingereza na ikaanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1972. Kiini chake ni kipete chenye pembe nne: atomi tatu za kaboni na moja ya nitrojeni, zimebanwa pamoja kuliko zinavyotaka. Umbo la kipete hicho katika penisilini lilithibitishwa mwaka 1945 kwa miale ya eksirei, kazi iliyoongozwa na mwanakemia Dorothy Hodgkin. Kipete ni mtego uliotegwa. Kikikutana na kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kujenga ukuta wao, kinafyatuka na kukinasa. Ukuta haujengeki, bakteria wanapasuka. Seli za mtoto hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana dawa hii huwaua bakteria na kumwacha mtoto salama. Virusi pia havina, kwa hiyo mafua hayatishiki nayo hata mtoto akiinywa mwezi mzima.

Lakini mtego huweza kufyatuka bila panya. Maji hukivunja kipete kile polepole, na joto huharakisha kazi hiyo. Tangu maji yaingie chupani, siku za dawa zimeanza kuhesabika. Chupa nyingi huandikwa siku 7. Nyingine huruhusu 14 zikiwa ndani ya friji. Kinachofuatwa ni maandishi ya chupa uliyo nayo mkononi, si ya ile ya jirani.

Kukoroga kwenyewe kuna siri ambayo wengi hawaambiwi. Mstari ulio kwenye chupa au kibandiko chake hauonyeshi kiasi cha maji ya kutia. Unaonyesha dawa yote inapofika ikishachanganywa, unga ukiwemo. Chukua chupa ya mililita 60 yenye nguvu ya miligramu 125 kwa kila mililita 5. Ndani yake mna miligramu 1,500 za dawa. Mzazi akipitisha maji hadi mililita 75, kila mililita 5 zinabaki na miligramu 100 tu, na mtoto anakunywa dozi pungufu kila asubuhi na jioni huku kila mtu nyumbani akiamini anatibiwa. Kwa hiyo gonga chupa kwanza ili unga uachane na kitako, tia nusu ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tikisa, subiri povu litulie, kisha ongeza hadi mstarini. Na kwa kuwa unga huu hauyeyuki wote bali huelea, lazima chupa itikiswe kila unapompa mtoto. Asiyetikisa humpa mtoto maji matamu siku za mwanzo, na uji mzito wa dawa mwishoni.

Kijiko cha chai nacho ni msaliti. Vijiko vya jikoni havikutengenezwa kupimia dawa. Kimoja hubeba mililita 3, kingine 6. Kipimo cha haki ni sirinji isiyo na sindano, ya mililita 5 au 10. Mtoto aketi wima, ncha ya sirinji ielekezwe upande wa ndani wa shavu, usukume kidogo kidogo ameze. Kumlaza chali na kumziba pua, mtindo ambao baadhi ya akina nyanya wanauamini sana, kunaweza kuipeleka dawa mapafuni. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, mpe dozi ile tena. Akipata upele, akivimba uso au akianza kukoroma kwa shida ya kupumua, acha dawa na umkimbize hospitalini: huenda mwili wake unaikataa penisilini.

Kuna friji katika nyumba chache tu ukiondoka mjini kuelekea Shinyalu au Malava. Hapo watu hukumbuka mtungi. Ilesi, kwenye barabara ya Kisumu, ni maarufu kwa wafinyanzi wake, na mtungi wa udongo hupoza kwa sababu maji yanayopenya kwenye ngozi yake hukauka na kuondoka na joto. Ila Kakamega ni nchi ya mvua za alasiri na hewa yenye unyevu, na hewa yenye unyevu hukausha polepole. Mtungi hapa haupozi kama ungepoza kule Turkana. Chupa ikikaa kando yake, kivulini, mbali na meko na mbali na dirisha la jua, ni afadhali, lakini mtungi haugeuki friji. Hesabu siku 7 na usiongeze.

Sasa tazama hesabu nyingine, ambayo kwangu ndiyo inayoiumbua chupa hii. Kwa nimonia inayotibiwa nyumbani, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unataka miligramu 40 kwa kila kilo ya mtoto, mara mbili kwa siku, kwa siku 5. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 400 kila mara. Kwa chupa ya 125, hizo ni mililita 16 asubuhi na 16 jioni. Chupa ya mililita 60 haimalizi siku ya pili! Mzazi aliyeuziwa chupa moja amebeba chini ya nusu ya tiba. Chupa ya 250 inapunguza mzigo, ila nayo humponza anayedhani chupa zote ni sawa na kurudia kipimo cha mwaka jana.

Ndiyo maana shirika hilo na UNICEF wanapendelea kidonge cha miligramu 250 kinachoyeyuka kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Hakina mstari wa kukosea, hakihitaji friji, na kila kidonge kina dozi yake. Kenya imekikubali katika miongozo yake ya tiba ya watoto. Ukipewa hicho hospitalini usinung'unike kwamba umenyimwa dawa ya maji. Umepewa iliyo bora.

Yote haya ni ikiwa ugonjwa ni wa bakteria, na Kakamega hilo si la kubahatisha. Kaunti hii imo katika ukanda wa ziwa wenye malaria nyingi, na ilikuwa miongoni mwa zilizopokea chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa kwa majaribio Septemba 2019. Malaria huleta homa na pumzi za haraka, nimonia vivyo hivyo. Kipimo cha tone la damu kidoleni hutangulia. Kisha zihesabiwe pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya 5, ni za haraka mno. Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au ambaye kifua chake kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, huyo si wa duka la dawa. Ni wa hospitali, wakati huo huo.

Desemba 1945, katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, Alexander Fleming alionya kwamba penisilini haba huwafunza bakteria kuistahimili badala ya kuwaua. Chupa iliyobaki nusu na kuwekwa juu ya kabati kwa ajili ya mtoto atakayefuata kukohoa ndiyo penisilini haba aliyoiogopa: dozi ya mtoto mwingine, na nguvu zimekwisha majini.

Basi ukifika kaunta na cheti cha daktari, mtaje mtoto kwa kilo zake wala si kwa umri pekee, uliza kama chupa zinatosha siku zote, omba sirinji, na mwombe mfamasia akukorogee mbele yako kama unakwenda moja kwa moja nyumbani. Andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu. Na ile ya mwezi jana iliyo juu ya kabati, ipeleke kituo cha afya wakaiharibu.