Vumbi Linalong'aa Bila Moto

Na Bwana Shamba, Songwa

Wakati wa kiangazi barabara zetu za Songwa zina vumbi jingi. Usiku wa giza vumbi hilo hulioni. Lakini lori likija na taa zake, utaona wingu jeupe. Je, vumbi limewaka moto? Hapana. Mwanga ni wa taa. Vumbi linaupokea na kuurudisha machoni petu.

Angani pia kuna mawingu ya vumbi. Si mawingu ya mvua. Yako mbali sana, kati ya nyota. Wingu moja linaizunguka nyota iitwayo RS Puppis, upande wa kusini. Haionekani kwa macho matupu. Wataalamu huiona kwa darubini.

NYOTA INAYOVIMBA

Nyota hii huvimba na kunywea. Kila siku 41 hivi mwanga wake huzidi, hupungua, kisha huzidi tena. Ukizidi, vumbi nalo hung'aa zaidi. Lakini haling'ai lote kwa mara moja. Kwa nini?

Mwanga husafiri. Kila sekunde huenda kilometa 300,000. Hata hivyo, wingu hili ni kubwa mno. Vumbi la karibu na nyota hupata mwanga kwanza. Vumbi la mbali hungoja miezi, hata miaka. Ni kama mwangwi. Ukipiga kelele mbele ya mlima wa mawe, sauti yako hurudi baadaye.

Mwaka 2010 darubini ya Hubble, inayozunguka dunia, ilipiga picha za wingu hilo kwa wiki tano. Pete za mwanga zilionekana zikipanuka, kama mawimbi ya bwawa ukitupa jiwe. Si vumbi lililokuwa likikimbia. Ni mwanga uliokuwa ukipita.

KUNA FAIDA GANI?

Mkulima wa pamba anajua: mizani ikiwa mbovu, kilo zote ni za uongo. Nyota za namna hii ni mizani ya kupimia umbali wa nyota za mbali zaidi. Kwa hiyo mizani yenyewe lazima ikaguliwe. Wataalamu walipima jinsi mwanga unavyochelewa katika vumbi, wakakadiria umbali wa RS Puppis. Mwanga wake hutufikia baada ya miaka 6,000 hivi.

JARIBU NYUMBANI

Usiku, washa tochi. Kung'uta gunia tupu la unga mbele yake. Zima, kisha washa tena. Waulize watoto: mwanga huu ni wa vumbi au wa tochi?