Manyoya Mazito na Tatizo la Joto: Mbwa wa Siberia Katika Nchi za Jua

Mbwa aitwaye haski asili yake ni kaskazini-mashariki ya Siberia, ambako Wachukchi walimfuga ili avute magari yao ya kuteleza juu ya theluji. Mwanzoni mwa karne ya 20 alivushwa hadi Alaska, na mwaka 1925 mbwa wa aina hii walikuwa miongoni mwa wale waliopokezana kupeleka dawa ya dondakoo katika mji wa Nome, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Leo wapo wanaofugwa hata katika nchi za Ghuba, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40 za sentigredi. Je, mbwa kama huyo anyolewe?

Manyoya ya haski yana matabaka mawili. La ndani ni la nywele fupi, laini kama sufi, zilizosongamana. La nje ni la nywele ndefu zaidi na ngumu, ambazo huzuia upepo, maji na miali ya jua. Kinachozuia joto hasa si nywele zenyewe bali hewa iliyonaswa kati yake, kwa kuwa hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi.

Wauza barafu wa zamani walifunika barafu yao kwa maranda ya mbao ili joto la nje lisiingie. Kwa mfano huo, unaopendwa hata na walimu, husemwa kwamba manyoya humpoza mbwa. Mfano huo ni nusu ya ukweli. Barafu haizalishi joto, mbwa huzalisha. Kila msuli unaofanya kazi hutoa joto, na manyoya yale yale yanayozuia joto la jua lisiingie huzuia pia joto la mwili lisitoke. Mbwa aliyelala kivulini hana joto kubwa la kutoa. Akikimbizwa mchana, hatari huanza.

Mwanadamu hujipoza kwa jasho la mwili mzima. Mbwa hutoka jasho katika nyayo, nalo ni kidogo mno. Njia yake kubwa ni kutweta: pumzi zake, ambazo akitulia huwa chini ya 30 kwa dakika, huweza kufikia 300. Hewa hupita juu ya ulimi na ndani ya pua, maji yaliyomo hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Lakini hewa ikijaa unyevu, kama ilivyo kando ya bahari, maji hayageuki mvuke upesi, naye hutweta karibu bure. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41, ubongo na figo zimo hatarini.

Kunyoa huweza kumsaidia kidogo akiwa kivulini, ila humwondolea kinga ya jua, na ngozi isiyozoea huungua. Tena, manyoya ya mbwa wa jamii hii yakinyolewa, mara nyingine hukawia kuota kwa mwaka mzima au zaidi, au huota kwa mabaka. Heri wembe uachiwe daktari mwenye kidonda cha kutibu.

Kazi yenye faida ni kuchana. Urefu wa mchana unapobadilika, tabaka la ndani hupukutika. Kwa mbwa akaaye ndani penye taa za umeme, upukutikaji huo huweza kuendelea mwaka mzima. Nywele zilizokufa zisipotolewa husokotana, huzuia hewa na kushika unyevu, na ngozi huwasha. Basi achanwe kila wiki, na kila siku wakati wa kupukutika, kuanzia ngozini. Akioshwa, akaushwe hadi ndani.

Mazoezi yafanywe kabla ya jua kuchomoza, na maji yasikosekane. Asiachwe ndani ya gari lililofungwa, kwani kwa dakika 10 tu joto lake huweza kupanda kwa nyuzi 10.

Mbwa anayepepesuka, anayetapika au ambaye ufizi wake umekuwa mwekundu sana apelekwe kivulini mara moja, amwagiwe maji ya baridi hadi yafike ngozini, na apepewe. Ndipo apelekwe kwa daktari wa mifugo, hata akionekana kupata nafuu, kwa sababu madhara ya figo huweza kujitokeza baada ya siku moja au zaidi.