Jua la Mtwara na mifupa inayolainika

Maswali ya wasomaji kutoka Mtwara yanafanana: nyonga na mapaja yanauma miezi na miezi, mtu anayumba akitembea, hawezi kuinuka mkekani bila kushika ukuta. Karibu kila muulizaji ameshaambiwa ute wa magoti umekauka, ale bamia. Bamia ni mboga nzuri, lakini utelezi wake huishia utumboni; hauna njia ya kufika gotini. Anayeuza unga wa bamia kwa kipaza sauti anawachelewesha wagonjwa, na wengine huja kupimwa mfupa umeshavunjika.

Dalili hizo zinaweza kuwa za osteomalasia, yaani kulainika kwa mifupa ya mtu mzima. Si kule kupungua kwa unene wa mfupa kunakowapata wazee. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Seli hutandaza kwanza utando wa kolajeni, kisha kalsiamu na fosfati hujipanga ndani yake na kuukaza. Kwenye osteomalasia utando unatandazwa kama kawaida, madini hayaji: nondo zimesukwa, zege halijamwagwa. Seli hizo huhangaika, zikamwaga kimeng'enya cha alkalaini fosfatase kwa wingi, ndiyo maana mara nyingi kipimo chake hupanda kwenye damu.

Madini hayo huhitaji vitamini D, ambayo ngozi huanza kuitengeneza kwa jua. "Lakini huku jua tunalo!" Ni kweli. Utafiti uliochapishwa 2012 uliwakuta Wamasai na Wahadzabe wanaoishi kimila na wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita, kiwango kizuri sana. Ila jua huanzisha kazi tu, tena kwa ngozi inayolipata. Anayeshinda ndani au aliyejifunika mwili mzima halimfikii. Baada ya hapo ini huibadilisha vitamini hiyo, figo huikamilisha, na figo hizo hizo huirudisha fosfati isipotee na mkojo. Figo zikiharibika, unaweza kuanika dagaa ufukweni Msimbati kutwa nzima na mifupa ikalainika. Dawa nazo zinaweza kuchangia. Fenobabitoni ya kifafa huharakisha kuvunjwa kwa vitamini D. Tenofoviri, iliyomo kwenye ARV nyingi, kwa watu wachache huzifanya figo zivujishe fosfati. Usiache dawa yoyote kwa kusoma haya. Mwambie daktari unachotumia.

Nenda hospitali, Ligula au nyingine iliyo karibu, uulizie vipimo vya kalsiamu, fosfati, alkalaini fosfatase na figo. Tiba hufuata chanzo. Vidonge vya kalsiamu ulivyojinunulia haviwezi kuzuia fosfati inayotoka na mkojo.