Gari la Malazi Kandokando ya Chumvi

Gari dogo la malazi ni gari la abiria au mizigo ambalo ndani yake pamejengwa kitanda, jiko, tangi la maji na betri ya pili inayojitegemea. Katika pwani ya kusini ya Kenya mengi ni Toyota Hiace, Volkswagen za zamani, au Land Cruiser zenye hema juu ya paa. Huonekana zaidi Tiwi na Diani, na machache huteremka hadi Shimoni, ambako barabara inakoma baharini. Ng'ambo ya mkondo kipo kisiwa cha Wasini, na upande wake wa mashariki ndipo kilipo kijiji cha Mkwiro. Huko hakuna barabara ya magari. Watu huvuka kwa mashua. Anayekwenda kukaa Mkwiro wiki mbili huliacha gari lake Shimoni, karibu na maji. Mwenye nyumba Diani naye hulifungia lake uani tangu Aprili mpaka mvua kubwa zipite. Kwa hiyo gari la malazi katika ukanda huu hulala siku nyingi kuliko linavyotembea, na uharibifu wake mkubwa hutokea likiwa limelala.

Katika kununua, sheria ndiyo inayochagua kwanza. Gari lililotumika haliingizwi Kenya likiwa limezidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, na usukani sharti uwe kulia. Magari ya malazi yaliyoundwa Ujerumani au Ufaransa, yenye usukani wa kushoto, huja kama wageni kwa kibali cha forodha cha muda na kuondoka na wenyewe. Mkazi basi hununua gari la kawaida na kumpa fundi alijenge ndani. Hapo ndipo wengi hujisahau: gari lililoandikishwa kuwa la abiria 14, likibaki na viti vitatu na kitanda, limebadilika pia mbele ya sheria. NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, hulikagua na kurekebisha maelezo ya logibuku, na kampuni ya bima huambiwa kwa maandishi kwamba ndani kuna gesi na kitanda. Bima ya mtu wa tatu ndiyo ya lazima, lakini hailipi gari likiibwa au likiungua pale lilipoegeshwa. Kwa gari litakaloachwa peke yake majuma mazima, bima kamili inafaa gharama yake. Leseni ya daraja B inatosha kwa gari lisilozidi kilo 3,500.

Uzito huo hufikiwa upesi kuliko mtu anavyodhani. Maji lita 80 ni kilo 80. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina karibu kilo 30, na mtungi wa gesi wa kilo 13 ukijaa hukaribia 28. Bamba moja la plaiwudi la milimita 18 ni kilo 30 hivi. Kabati na kitanda vikila mabamba manne, hizo ni 120. Wakiongezwa watu wanne, friji na mizigo yao, gari limekwisha kubeba zaidi ya nusu tani kabla halijatoka uani. Kikomo kimeandikwa kwenye kibao cha bati mlangoni au chini ya boneti, na njia ya kujua ukweli ni kulipima gari likiwa limejazwa kila kitu. Mahali pa mzigo pana maana kama uzito wenyewe. Tangi na betri hukaa chini, kati ya ekseli mbili. Fundi akivipanga nyuma kabisa kwa sababu ndiko kwenye nafasi, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani huanza kuelea barabarani.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, bali hushuka na kutulia sakafuni, mle mle chini ya kitanda, ikingoja cheche. Mtungi husimamishwa wima ndani ya kisanduku kilichozibwa upande wa ndani ya gari na chenye tundu sakafuni linalotokea nje. Viungo vya mpira hupakwa povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa. Povu likifura, panavuja. Vali hufungwa gari linapotembea na watu wanapolala. Jiko la makaa lisiingizwe ndani hata kwa dakika tano za kuchemsha chai, na hata kama makaa yamebaki majivu mekundu tu, kwa kuwa hutoa kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu usingizini. Upande wa umeme, kila waya unaotoka kwenye betri ya pili huwekewa fyuzi karibu kabisa na betri. Mtungi wa kuzima moto hufungwa jirani na mlango, ambako mtu aliye nje naye anaufikia, maana ukiwekwa nyuma ya jiko hauna faida siku jiko lenyewe linapowaka.

Anayetoka Mombasa ana njia mbili za kufika kusini. Ya zamani ni feri ya Likoni. Maji yakipwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, na gari la malazi, ambalo mkia wake huzidi sana ekseli ya nyuma, huweza kukwaruza au kunasa. Huingizwa polepole kwa gia ya kwanza. Likishasimama huwekwa gia, breki ya mkono huvutwa, na kabari huingizwa nyuma ya magurudumu. Tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo liliteleza likirudi nyuma kutoka kwenye feri MV Harambee, likazama mkondoni, na mama na binti yake waliokuwamo wakafariki. Ni busara basi abiria washuke, na dereva akibaki ndani afungue mkanda na madirisha. Njia ya pili ni barabara ya Dongo Kundu, inayokutana na barabara ya Lunga Lunga pale Kibundani bila kuvuka maji kwa feri. Juu ya daraja refu la Mteza, upepo wa kusi hulipiga ubavuni gari lolote lenye paa la juu. Dereva hupunguza mwendo kabla ya kupanda daraja, kwa sababu kukanyaga breki katikati ya dharuba huliyumbisha gari zaidi.

Kuanzia Ukunda kwenda Msambweni na Ramisi hatari ni za kawaida: matuta yasiyo na rangi, bodaboda bila taa, ng'ombe jioni. Gari lenye tangi nusu huyumba kuliko lenye tangi tupu au lililojaa, kwa kuwa maji huenda na kurudi kila kona. Katika barabara ya ufukweni Diani, mbega na tumbili huvuka ghafla. Shirika la Colobus Conservation limetundika ngazi za kamba juu ya barabara ili wapite angani, lakini si wote wanaozitumia. Safari ya usiku haina sababu kwa mtu aliyebeba kitanda chake.

Kuteremka na gari mchangani ufukweni ni kosa, hata wakionekana wengine wakifanya hivyo. Magurudumu huponda viota vya kasa, na maji ya chumvi hurukia kila kiungo cha chini. Anayeegesha usiku karibu na pwani huangalia mstari wa mwani mkavu, unaoonyesha maji ya juu yalikofika, naye hukumbuka mwezi. Siku za maji mafu bahari huonekana mpole na mbali, lakini bamvua likija, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa katika pwani hii hupita mita 3.

Chumvi yenyewe haihitaji mvua ili ile chuma. Matone madogo ya bahari hupeperushwa na upepo na kukauka juu ya bati, yakiacha punje zisizoonekana. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, kama unavyopita usiku mwingi wa pwani, punje hizo hunyonya maji hewani na kuwa ute wa chumvi. Jua likitoka hukauka, usiku hurudi majimaji, na kila mara kutu hupiga hatua. Mvua huuosha ute huo juu ya paa na boneti. Isikofika mvua ndiko gari linakoliwa: ndani ya matao ya magurudumu, chini ya sakafu, kwenye mikunjo ya milango. Mtu akipitisha kidole asubuhi chini ya kizingiti cha gari lililolala karibu na maji, kisha akakilamba, atajua ni kiasi gani kimetua. Ndiyo sababu gari lililofichwa chini ya banda bila kuoshwa huweza kuoza chini haraka kuliko lililoachwa wazi mvuani, ingawa kwa macho linang'aa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kulilaza gari ni kuliosha chini, kwa maji baridi tele. Maji ya visima vingi vilivyo karibu na bahari yana chumvi, na kuoshea hayo ni kazi bure. Heri maji ya mvua kidogo kuliko ya kisima cha ufukweni kwa wingi. Vitundu vya kutolea maji chini ya milango huzibuliwa kwa njiti ya chelewa, kwani vumbi la barabara huviziba na mlango hubaki na maji tumboni. Kisha gari huendeshwa kilomita chache ili likauke na breki zipate moto. Mafundi wengi hupaka oili chafu ya injini chini ya gari. Inasaidia kwa muda, lakini hulainisha na kuvimbisha mipira ya sespensheni, na mvua huipeleka kisimani. Nta au grisi ya kukinga kutu ni ghali zaidi, ila ndiyo inayofaa.

Mahali pa kulilaza hupimwa kwa umbali kutoka mawimbi. Chumvi ya hewani hupungua sana katika mamia machache ya mita za kwanza, hivyo ua ulio nyuma ya kijiji ni bora kuliko kiwanja kinachotazama bahari. Shimoni ina nafuu ya kukingwa na kisiwa cha Wasini, kwa kuwa mkondo wake hauna mawimbi makubwa ya kurusha matone. Hata hivyo karibu na gati si mahali pa kuacha gari mwezi mzima. Mnazi haukaliwi chini na gari wala mtu: nazi yenye makumbi ni kilo moja na zaidi, na ikianguka kutoka juu hupasua kioo cha mbele pamoja na paneli ya sola. Banda la makuti lililo wazi pande zote ndilo kinga bora, kwa sababu hutoa kivuli na kuacha upepo upite. Turubai la plastiki lililofungwa kwa kamba hufungia unyevu chini yake, na mchanga uliomo hukwangua rangi kila upepo unapovuma. Mapatano na mwenye ua huandikwa: ufunguo uko kwa nani, nani anaruhusiwa kulisogeza gari, na malipo ni kiasi gani.

Ndani, vyakula vyote hutolewa, hata unga uliofungwa, maana panya akiufuata unga humalizia kwenye nyaya, na tumbili akiuona dirishani hung'oa mpira wa kioo. Magodoro husimamishwa, kabati na friji huachwa wazi, matangi humwagwa maji na kukaushwa. Tundu la hewa la paani huachwa nafasi ndogo yenye wavu. Plaiwudi ikishika ukungu haiponi kwa kufutwa. Mchwa nao hupanda kupitia tairi au jiwe lililoegemea gari, kwa hiyo chini huangaliwa kila wiki kama kuna vijia vya udongo.

Betri ya risasi ikiachwa hupoteza chaji yenyewe, na joto huzidisha upotevu huo. Ikipumzika ikiwa imejaa husoma volti 12.7 hivi, ikifika 12.0 imebaki na robo tu, na ikikaa hivyo sahani zake huganda salfeti. Paneli ndogo ya sola yenye kidhibiti chaji huimaliza shida hiyo. Bila paneli, waya hasi hutolewa na betri huchajiwa kila mwezi. Betri ya lithiamu hupenda kulala ikiwa nusu. Tangi la dizeli huachwa limejaa, kwani penye nafasi tupu unyevu wa hewa ya usiku hugeuka maji, na katika maji hayo huota vijidudu vinavyoziba filta.

Breki ya mkono haivutwi wakati wa kulilaza gari, kwa kuwa pedi hushikana na chuma kwa kutu. Gia na kabari za mbao vinatosha kwenye uwanja tambarare. Tairi hujazwa upepo kidogo kupita kawaida na gari husogezwa nusu mzunguko kila wiki mbili ili zisipate bapa. Umri wa tairi husomwa ubavuni, kwenye tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za gari la malazi huchakaa kwa jua kabla ya barabara, hivyo kashata za juu zaweza kuwa nzima ilhali ubavu umejaa nyufa.

Siku ya kuliamsha, boneti hufunguliwa kwanza kutazama viota na nyaya zilizotafunwa. Upepo wa tairi hurudishwa kipimo chake, gesi hupimwa tena kwa povu, na breki hujaribiwa mara tatu au nne ndani ya ua kwa mwendo wa mtu atembeaye. Gari likitoka Shimoni, kituo cha kwanza ni Kanana, njia panda ya barabara kuu. Hapo dereva hushuka na kukaribisha kiganja kwenye kila gurudumu bila kugusa chuma. Lenye joto kupita wenzake breki yake imeshika, na gari halistahili kuendelea mpaka fundi aifungue.