Nguo, Uzi na Umeme: Istilahi za Mavazi ya Kielektroniki

Kuna aina ya nguo ambayo wasemaji wa Kiswahili bado hawajakubaliana jina lake. Ni nguo ambayo baadhi ya nyuzi zake hupitisha umeme, na ambayo ndani yake mmeshonwa au mmefumwa vihisi, taa ndogo, swichi, na hata kompyuta isiyozidi ukubwa wa kifungo cha koti. Wafasiri wameiita “nguo janja”, “nguo erevu”, “mavazi mahiri”, “nguo zenye akili”, “vitambaa vya kielektroniki”, na wapo walioiita “nguo za umeme”.

Tofauti hizi si za mapambo. Fulana inayopima mapigo ya moyo huja na maelezo ya kuivaa, kuifua na kuichaji, na ikitumika katika matibabu huweza kuja na fomu ya ridhaa ambayo mgonjwa hutakiwa kuitia saini. Anayesoma kwamba atavalishwa “nguo ya umeme” ana haki ya kuogopa. Anayesoma kwamba atavalishwa “nguo yenye akili” bado hajaambiwa kwamba nguo hiyo itayapima mapigo ya moyo wake na kuyatuma kwa watu wengine.

Tuanze na nomino, kwa kuwa hapo hapana ugomvi mkubwa. “Nguo” hubeba maana mbili: bidhaa iliyofumwa kwa nyuzi, na kitu kilichoshonwa kikavaliwa. Maana ya kwanza ndiyo iliyomo katika “kiwanda cha nguo”, kama kile cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichoanza kazi mwaka 1968 na kutoa kanga na vitenge. Maana ya pili ndiyo iliyomo katika “vua nguo”. Basi anayetaka kutaja malighafi aseme “kitambaa”, anayetaka kutaja kilichokwisha kushonwa aseme “vazi”, na “nguo” ibaki jina la jumla. Tofauti hii ina kazi: kihisi kinaweza kuwa sehemu ya kitambaa tangu kwenye kitanda cha mfumi, au kikaongezwa baadaye vazi likiwa tayari, na mbinu hizo mbili hazifanani kwa gharama wala kwa uimara.

Kivumishi ndicho kigumu. “-janja” imeingia kwa mlango wa “simujanja”, na sasa hubandikwa kwa kila kifaa: runinga janja, saa janja, nguo janja. Mwanafunzi wa sarufi alitazame umbo lenyewe. Kwa kanuni za ngeli ya I-/ZI- tungetarajia “simu njanja”, kama tusemavyo simu ndogo, simu ngeni, simu nzuri. Hakuna asemaye hivyo. Hii ni dalili kwamba neno limekwisha kuwa nomino ambatani, na “janja” humo haifuati tena upatanisho wa kawaida. Kwa hiyo anayeandika “mavazi janja” hajakosea. Anaunda nomino ambatani kwa mfano wa “simujanja”. Anayeandika “mavazi majanja” naye hajakosea, ila anayasifu mavazi, na ajue anayasifu kwa lipi. Mjanja kwa Kiswahili ni mtu ajuaye njia za mkato, ambaye hutamwachia mkoba wako sokoni. Nikiifikiria fulana inayotuma taarifa za mwili wa mvaaji kwa kampuni iliyoiuza, huona kwamba pengine neno hili limesema kweli kuliko wauzaji walivyokusudia.

“Mahiri” lina adabu zaidi, tena halibadiliki kwa ngeli, lakini umahiri hupatikana kwa kujifunza na kurudia kazi: fundi mahiri, mpishi mahiri. Nguo haikujifunza kitu. “Yenye akili” huahidi makubwa zaidi, nayo nyingi ya mavazi haya hayafanyi zaidi ya kupima na kutuma. Siku hizi ambapo “akili mnemba” na “akili unde” zimekuwa maneno ya kila siku, msomaji atadhani anauziwa fulana inayofikiri. “Nguo za umeme” nalo hupeleka mawazo kwenye blanketi la umeme, lile linalochomekwa ukutani. Mimi hupendekeza “kitambaa cha kielektroniki” na “vazi la kielektroniki”. Ni majina makavu, nakiri, lakini kiambishi “ki-” hutaja aina au namna ya kitu bila kukipa tabia za binadamu, na msomaji huelewa kilichomo.

Vitenzi vya kazi yenyewe

Utajiri wa Kiswahili katika jambo hili uko kwenye vitenzi, na hapa ndipo wafasiri wengi hupoteza. Matini za kitaalamu katika lugha nyingine aghalabu hutosheka na kitenzi kimoja cha jumla kwa kila namna ya kutia vifaa katika nguo, na mfasiri hukimbilia “kuunganisha”, “kujumuisha” au, baya zaidi, “kuingiza”. Kiswahili hutaka tuseme kazi imefanywaje. Kifaa hubandikwa kwa gundi juu ya kitambaa. Hupachikwa katika tundu lililoandaliwa. Hushonwa kwa sindano na uzi. Njia za umeme hudariziwa kama maua ya kofia. Uzi wenyewe hufumwa ndani ya kitambaa, ukipita kama mtande au kama mshindio. Nyuzi kadhaa husukwa kuwa ugwe mmoja.

Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni kukigeuza kitenzi. Kauli ya kutendua hutueleza kifaa kimeshikamana na nguo kwa kiasi gani. Kilichobandikwa hubanduliwa. Kilichopachikwa hupachuliwa. Kilichoshonwa hushonolewa, na nguo hubaki nzima ikiwa na vitundu vya sindano. Kilichofumwa hufumuliwa, na hapo nguo haipo tena.

Tukipime kwa mifano. Mwaka 2007 iliingia sokoni LilyPad, saketi iliyobuniwa na mtafiti wa Marekani Leah Buechley. Ni kibamba cha mviringo chenye ncha kama petali za ua, na kila ncha ina tundu. Fundi hupitisha uzi unaopitisha umeme katika tundu hilo mara kadhaa, akaukaza, kisha akaendelea kushona hadi kwenye taa au kihisi. Hapa “kushona” ni neno halisi kabisa, na kutendua kwake ni kushonoa kwa wembe, kama mshonaji anavyoshonoa pindo la suruali.

Koti ambalo Levi's na Google walianza kuliuza mwaka 2017 lahitaji vitenzi viwili. Kwenye pindo la mkono wa kushoto wamefuma nyuzi zinazohisi mguso wa vidole, na ndani ya pindo hilohilo hupachikwa kidude chenye betri na redio kilichokuwa kikiwasiliana na simu. Kabla ya kufua, kidude hupachuliwa. Nyuzi hubaki, kwa kuwa kuzitoa ni kuufumua mkono. Mradi wenyewe uliitwa Jacquard, kwa jina la Joseph-Marie Jacquard wa Lyon, Ufaransa, aliyeonyesha mwaka 1804 mtambo wa kufumia ulioongozwa kwa kadi zenye matundu. Kadi hizo ndizo zilizompa Charles Babbage wazo la namna ya kuiamrisha mashine yake ya kukokotoa, kwa hiyo kompyuta iliyorudi ndani ya kitambaa imerudi kwao.

Upande wa mbali zaidi yuko Sundaresan Jayaraman wa chuo cha Georgia Tech, ambaye katikati ya miaka ya 1990 alianza, kwa fedha za Jeshi la Majini la Marekani, kutengeneza fulana ya askari yenye nyuzi za kupitisha mwanga zilizofumwa humo. Risasi ikikata uzi, mwanga hukatika, na mahali pa jeraha hujulikana. Kitambaa chenyewe ndicho kihisi. Hakuna cha kubandua, cha kupachua wala cha kushonoa, na mfasiri akiandika kwamba “kihisi kimeunganishwa na fulana” atakuwa amekitenga kitu na nafsi yake.

Wafumaji wa pwani yetu wangeielewa tofauti hii bila kuelezwa. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika kwamba Waislamu wa Sofala walizifumua nguo za buluu zilizotoka Cambay na kuzifuma upya pamoja na nyuzi zao nyeupe, kwa kuwa hawakuwa na rangi hiyo. Kufumua kwao ilikuwa kazi ya uzalishaji.

Kitenzi kingine kinachosahauliwa ni “tunga”. Kompyuta iliyowaongoza wanaanga wa Apollo hadi mwezini ilihifadhi programu zake katika pete ndogo za sumaku. Wanawake wa kiwanda cha Raytheon huko Waltham, Massachusetts, walipitisha waya kwa sindano: ukipita ndani ya pete ilisomeka moja, ukipita nje ilisomeka sifuri. Wengi huandika kwamba kumbukumbu hiyo “ilifumwa”. Kwa Kiswahili, anayepitisha uzi katika vitundu vya vitu vidogo hutunga, kama mtu atungavyo shanga. Na kwa kuwa mashairi hutungwa, na programu nazo hutungwa, kitenzi kimoja kinatosha kwa kazi ya mwandishi wa programu na kwa kazi ya mama aliyeshika sindano. Sijui lugha nyingi zinazoweza kusema hivyo bila kulazimisha.

Zari, simu na shoti

Uzi wa madini katika nguo si jambo jipya. “Zari”, uzi wa dhahabu au wa fedha wa kudarizia majoho, hutokana na neno la Kiajemi la dhahabu. Watafiti wa MIT walipotengeneza vitambaa vya kugusa na kibodi za kitambaa mwishoni mwa miaka ya 1990, walitumia hariri nyembamba ya India yenye uzi wa madini uliofumwa humo, kitambaa cha mapambo kilichokuwapo muda mrefu kabla yao. Wala tusiisahau “simu”. Neno hili nalo lina asili ya Kiajemi, ambako “sim” ni waya na pia ni fedha, ile madini nyeupe. Wazee wetu walilitumia kwa waya wa telegrafu na kwa habari iliyopita humo kabla halijawa jina la kifaa cha mkononi. Leo mojawapo ya nyuzi zinazotumiwa zaidi kushonea saketi ni nailoni iliyopakwa fedha. Sipendekezi tuuite simu. Msomaji wa leo atapotea. Ila “uzi wa zari” linafaa kama mlinganisho darasani, hasa kwa mwanafunzi aliyemwona bibi yake akilihifadhi joho lisishike unyevu: fedha hupoteza mng'aro na kusawijika, na uzi wa saketi una maradhi hayohayo.

Katika istilahi za fizikia tuna “kipitishi”, “kihami” na “ukinzani”, nazo zatosha. Uzi wa chuma kisichoshika kutu una ukinzani mkubwa kuliko waya wa shaba, na kadiri mshono unavyorefuka ndivyo taa inavyofifia. Hapana haja ya kubuni neno.

Neno linalohitaji uangalifu ni “shoti”. Mtaani lina maana mbili: nyaya zimegusana pasipopaswa, na mtu ametikiswa na umeme. “Amepigwa shoti” humaanisha la pili. Sasa fikiri maelezo yasemayo: “Hakikisha nyuzi hazigusani ili kuepuka shoti.” Msomaji ataogopa kutikiswa, ilhali betri ya kidonge ya volti 3 haitamtikisa mtu mwenye ngozi kavu. Hatari iko kwingine. Nyuzi hizi hazina ganda la plastiki kama waya wa ukutani. Zikigusana, umeme hupita njia ya mkato, betri hupata moto na kwisha upesi. Jasho nalo, kwa chumvi yake, hupitisha umeme. Sentensi ifaayo ni hii: “Nyuzi hizi zisigusane. Zikigusana, betri itapata moto na inaweza kuunguza kitambaa.” Ni ndefu kidogo, lakini inamwambia mtu aangalie nini.

Kuvaa na kuvaliwa

Jina la kundi zima la vifaa hivi, yaani saa, miwani, pete na nguo, mara nyingi hutafsiriwa “vifaa vya kuvaliwa” au hata “vifaa vivaliwavyo”. Kauli ya kutendwa hapa imeletwa na woga. Kiswahili husema “maji ya kunywa”, si “maji ya kunywewa”. “Nguo za kuvaa”, si “nguo za kuvaliwa”. Kitenzi-jina baada ya “-a” unganifu hakihitaji kutendwa ili kieleweke. “Vifaa vya kuvaa” yatosha.

Kauli ya kutendea, kwa upande mwingine, haiachwi. “Uzi wa kushona” waweza kuwa uzi unaosubiri kushonwa. “Uzi wa kushonea” ni ule utumikao kushonea kitu kingine. Vivyo hivyo “sabuni ya kufulia”, “kidude cha kuchajia”, “mfuko wa kuwekea betri”.

Mahali ambapo haya yote hukutana ni lebo ndogo iliyoshonwa ndani ya ukosi. Nimeona lebo ya tafsiri iliyosema: “Ondoa kifaa kabla ya kuosha.” Kuna makosa mawili. Kwanza, vyombo huoshwa, nguo hufuliwa. Pili, “ondoa” haisemi kwa njia gani, na mtu mwenye mkasi mkononi anaweza kulitii agizo hilo kwa kukata uzi uliobeba saketi nzima. Ningeandika hivi: “Pachua betri kabla ya kufua. Fua kwa mkono, usiloweke. Usikamue kwa kusokota. Anika kivulini. Usipige pasi juu ya uzi unaong'aa.” Anayesoma “pachua” hatautafuta mkasi.